Jani Ndani ya Bahasha

Forlì, Novemba 1931

Kaka Amilcare,

Huko Ufaransa baridi imeanza? Huku nguruwe tumeshamchinja, soseji zinaning'inia jikoni, na magoti ya Mama bado yanamsumbua. Barua hii atakukabidhi Delmo wa reli mkononi, maana posta siiamini tena.

Lile jani la kijani, nembo ya bendera ya chama chetu, ulilotutumia kama kila mwaka, polisi waliliona kabla yetu. Walikuja wawili na bahasha imeshafunguliwa.

"Mzee, hili jani mnalitia kwenye supu?" mmoja akauliza huku akicheka.

Mama akawahi: "Ni dawa ya kikohozi tu, wanangu."

Baba angenyamaza, yangeisha. Lakini unamjua.

"Acha uongo, mke wangu. Hilo ni jani la chama changu. Kipigeni marufuku mpaka mchoke!"

Wakamlazimisha alitafune, alimeze, kisha wakaondoka naye. Walimrudisha baada ya siku sita. Alhamisi akafa.

Bendera tuliitoa ndani ya godoro tulimoificha, tukamfunga nayo kifuani, tukamvalisha koti na kufunga vifungo vyote hadi shingoni.

Mama hajui kusoma, kwa hiyo nimemwambia safari hii bahasha ilitoka kwa ami yetu Oberdan, mkimbizi mwenzako. Kila asubuhi anamlaani, nami naitikia. Ukiandika, usitie kitu ndani ya bahasha, wala usiombe msamaha. Barua zako ni mimi ninayemsomea Mama, na sauti yangu itanisaliti.

Dada yako,
Ersilia