Siku Niliyompita Kazadi Mlimani

Kikula, Likasi
Tarehe 6 Novemba 2024

Mpendwa Yaya Carine,

Hujambo, dada yangu? Magoti yako je, na wajukuu hapo Kalemie? Sisi huku tu wazima. Mvua imeanza, paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana, na Mama Plamedi ananikumbusha kila asubuhi kana kwamba mimi sioni maji. Willy anapanda treni ya kuja kwenu keshokutwa, atakuletea barua hii, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ungeanza kulia mapema, nami ningekata.

Kwanza afya. Daktari wa Lusaka ameangalia tena tezi za shingoni na damu yangu, anasema haoni kansa. Mke wangu alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Mimi nilijifanya kufurahi.

Kazadi amefariki, Yaya. Yule niliyekueleza, tuliyelala vitanda jirani Lusaka, yeye na utumbo wake, mimi na shingo yangu. Jumamosi hii ni misa ya siku arobaini, na mjane wake, Julie, anataka nisimame mbele ya watu nisimulie yale mashindano ya baiskeli. Sijui kama nitasema ukweli au nitarudia uongo wangu. Hilo ndilo linalonila.

Unanijua, mimi ni fundi umeme wa kiwandani, mtu wa kukaa. Daktari alipotuambia tufanye mazoezi, nilidhani kutembea hadi kanisani kunatosha. Kazadi ndiye aliyenipandisha baiskeli. Yeye alikuwa amebeba makala ya kupikia kwa baiskeli miaka kumi na mmoja, magunia manne kila safari. Tulianza na njia ya Kambove. Nilitapika mara tatu kando ya barabara, naye akacheka bila huruma. Baada ya miezi tulikuwa tunafika Mwadingusha.

Wabeba makala wana sheria yao. Mlimani hakuna anayemwacha mwenzake. Miguu ikikataa unainua mkono, wote wanasimama, wanasukuma baiskeli yako hadi juu, kisha wanarudi kuchukua zao. Alinifundisha hivyo siku ya kwanza. Mwaka mzima, kila nilipoinua mkono, alishuka.

Mashindano yalikuwa Septemba mosi, kutoka hapa hadi Lubumbashi, kilomita mia moja na ishirini. Huko sheria ni nyingine: anayesukuma na anayesukumwa wote wanatolewa. Nami nilikuwa nimejiwekea ahadi ya kijinga moyoni, kwamba nikifika mwisho kansa haitarudi, na nikitolewa njiani itarudi. Usicheke. Ukishalala chini ya zile chupa za dawa unaamini chochote.

Kwenye mlima wa mwisho Kazadi alikuwa mbele yangu. Nilimwona akiyumba, akashuka, akainua mkono. Nilimwona vizuri kabisa. Nikampita. Hakuniita.

Nilifika, nyuma yangu wakiwa watu wanne tu. Yeye aliletwa na gari, amelazwa kiti cha nyuma. Watu waliponiuliza, nikasema yeye mwenyewe aliniashiria niende, wakamsifu sana. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshamrudia bila mtu kujua. Najua kumsukuma kusingemponya. Utaniambia hivyo na wewe, na haitanisaidia.

Alilala ndani wiki nne, na kwake ni dakika kumi kutoka hapa. Sikwenda hata siku moja. Nilituma sukari, nilituma matunda, nilimtuma binti yangu Plamedi. Nilisingizia mafua, eti nisimwambukize mgonjwa. Nilikuwa naona haya, Yaya, basi.

Alhamisi

Jana mchana niliiacha barua hapo juu nikaenda kwa Julie. Nilimkuta uani anachambua maharagwe ya Jumamosi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Hakuacha kuchambua.

"Miye najua," alisema. "Alinielezaga siku ileile. Hakukukasirikia. Alisema Damas aliogopa, ni muntu. Lakini kila siku alikuwa anauliza kama umefika. Kiti yako ilikuwa pembeni ya kitanda. Alikatala muntu mwingine aikale."

Nilivuta kigoda tukachambua maharagwe pamoja mpaka yakaisha. Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani, akaniomba Jumamosi niseme vile ilivyokuwa, na habari ya hicho kiti nisiiache. Nitasema. Watu wataniangalia wanavyotaka.

Nisalimie shemeji Nicolas, na Husna jirani yako aliyenitumia asali nilipokuwa siwezi kumeza. Mama Plamedi na Plamedi wanakusalimu sana. Mungu akupe siku nyingi, Yaya, na akujalie uzitumie vizuri kuliko nilivyozitumia mimi zile wiki nne.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Damas