Sikumuuza Panzi

Nyumba ya mwisho kabla ya matangi,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla ya lolote niruhusu nikuulize hali. U mzima? Chakula cha huko kimekukubali? Na ule ubaridi uliotusimulia umeuzoea, au bado unalala na soksi? Sisi huku, kwa rehema za Mungu, tunaendelea. Macho yangu yananidai miwani mipya, na goti la kushoto limejifanya mtabiri wa mvua ijapokuwa hukosea mara nyingi. Zaidi ya hayo sina lalamiko linalostahili gharama ya stempu.

Niwie radhi kwa kukuandikia kwa kalamu. Nimejaribu simu, nayo huita mpaka ikachoka. Sikulaumu hata kidogo. Walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba barua ina adabu kuliko kubisha hodi, kwa kuwa mwenye kuipokea huifungua saa aipendayo, wala hakuna anayesimama mlangoni akimtazama usoni.

Nina jambo la kuungama, na afadhali nilitangulize kuliko ulikute limejificha katikati ya habari nyingine. Ulimwagiza mama yako aniambie kwamba Panzi auzwe, hata ikibidi kwa bei ya chuma chakavu, mradi usimsikie tena. Nililipokea agizo lako, nikaitikia kwa heshima, kisha sikulitenda. Panzi ni mali yako, na sina haki juu yake hata ya bolti moja. Kwa hiyo nakuomba msamaha kwanza, ndipo nikueleze.

(Hata sasa nikiliandika jina hilo natabasamu. Namwona marehemu mkaza mjomba wako akiwa na mwiko mkononi, siku ile pikipiki yako ya magurudumu manne iliporuka tuta lake la vitunguu, naye akatangaza kwamba huyo si chombo cha usafiri, huyo ni panzi.)

Habari ya dada yako, binti yangu, ni njema kuliko unavyodhani. Mtulinga aliouvunja umeunga sawasawa na daktari amemruhusu kunyanyua vitu. Idara ya maji imemrudisha kazini, ila wamemkalisha mezani, anapokea simu za watu waliokatiwa maji. Mtu aliyezoea kupanda mlimani kila juma kukagua matangi na mabomba, leo anashinda akiwaambia wapigaji, kwa upole, kwamba malalamiko yao yamepokelewa. Alikuwa akirudi nyumbani na kukaa na viatu miguuni mpaka wakati wa chakula. Panzi alikuwa bandani, hatua chache tu kutoka jikoni, lakini tangu Panzi ampindue hakuwahi kuukanyaga mlango wa banda lile. Akitaka kamba au jembe, alinituma mimi.

Nawe najua kinachokusumbua. Ulinieleza siku ya simu yetu ya mwisho, kabla sauti haijakukatika. Ulisema, “Nilikuwa nazo, mjomba. Breki nzuri nilikuwa nazo, nikaziacha kwenye sanduku.” Nilitafuta neno la kukujibu, na nilipolipata ulikuwa umekwisha kata simu. Niwie radhi, uzee hunichelewesha hata katika mambo ya kufariji.

Basi, nilipopata agizo lako nililivuta lile sanduku chini ya meza yako ya kazi, nikidhani mnunuzi angependa kuchukua vyote kwa pamoja. Nikazikuta zile breki zimefungwa ndani ya shati lako la kijani, na kila tundu umelizibia kitambaa ili vumbi lisiingie. Mimi si mtu wa vyuma, lakini najua mtu anavyokifunga kitu alichokusudia kukitumia. Nikalikunja shati, nikaenda kumwita fundi.

Ni yuleyule fundi wa kona ya soko, ambaye watu humwita Kesho kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila mteja. Safari hii, ajabu, alikuja siku hiyohiyo. Alimzunguka Panzi mara kadhaa, akaipima kwa macho injini uliyoiongezea nguvu, kisha akaigusa kalipa ya nyuma, kile kibanio kidogo kinachobana diski. Akasema kwamba mwenye Panzi alimpa mapafu ya farasi, akamwachia kwato za mbuzi. Usimchukie. Alisema kwa utani, na papo hapo akaongeza kwamba vijana wote wenye pikipiki za michezo huanza na mwendo, kisha ndipo wakumbuke kusimama, na kwamba wewe ulikumbuka mapema kuliko wengi.

Alinieleza ajali ilivyotokea, nami nakueleza upate kujua. Katika mteremko mrefu dada yako alikuwa ameweka mguu kwenye pedeli muda wote, kama tulivyomfundisha sote. Diski ndogo ikapata moto, mafuta ya breki yakachemka, na pedeli ikazama bila kushika kitu. Akamgeuzia Panzi kwenye ukingo, naye Panzi akapinduka. Breki ile haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima, ila imepewa kazi iliyoizidi.

Zile ulizozinunua, za pikipiki kubwa ya kampuni ileile iliyomuunda Panzi, zilihitaji ushawishi kidogo. Diski pana ilikaa kwenye ekseli, ule mhimili wa magurudumu, kana kwamba ilizaliwa hapo. Kalipa yenye pistoni mbili ndiyo iliyogoma. Kwenye pikipiki yake ya asili hukaa nyuma ya ekseli, na kwetu nafasi iko mbele. Kesho akakata bamba la kuishikilia, kwanza kwa kadibodi ya sanduku la sabuni, akalijaribu, akalipunguza, akalijaribu tena, ndipo akalikata kwa chuma. Mimi nilipendekeza tuiache masta ya zamani, ile inayosukuma mafuta mtu akanyagapo, ili tupunguze usumbufu. Alinitazama kwa huruma. Akasema, “Mzee, unataka kulisha vinywa viwili kwa kijiko cha mtoto?” Tukafunga na masta uliyoinunua.

Hapo ndipo tulipokwama. Kila kitu kimefungwa, mafuta mapya yamejazwa, lakini pedeli ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai. Kesho alifungua ile skrubu ya kutolea upepo, mimi nikakanyaga, akafunga, nikaachia. Alasiri nzima tulifanya hivyo, mpaka goti langu likaacha kutabiri mvua likaanza kutabiri mazishi. Kesho akakisia kwamba labda masta imekufa kwa kukaa sandukuni. Nilivunjika moyo, mwanangu. Nikawaza kwamba pengine ulikuwa na haki, na huyu alipaswa kwenda zake.

Sikujua kwamba dada yako alikuwa amerudi kutoka kazini na amesimama nje ya mlango, na mkoba wake begani.

Akasema, “Upepo uko juu, na nyinyi tundu mmeliweka chini. Utatokaje?”

Kesho akamjibu, bila kugeuka, kwamba hili si bomba la maji, dada.

“Kwani mafuta yanajua hilo?”

Tukatazama. Kwa kuwa kalipa tuliihamisha kutoka nyuma kwenda mbele, ilikuwa imegeuka kichwa chini, na ile skrubu ilitazama sakafu. Tulikuwa tukimwaga mafuta mazuri, na upepo umetulia juu kabisa mle ndani kama mgeni aliyekaribishwa. Dada yako alitueleza kwamba mlimani ni vivyo hivyo: bomba likipanda na kushuka, hewa hukaa kwenye kilele, na anayefungua valvu ya bondeni atafungua mpaka ajute.

Alikuwa anaeleza haya akiwa mlangoni bado. Kisha nadhani alichoka kuelekeza kwa kidole, maana aliweka mkoba chini, akaingia. Nilimpisha. Kesho naye akampa spana.

Aliifungua kalipa kutoka kwenye bamba, akaweka kipande cha mbao katikati ya pedi ili pistoni zisichomoke, akaiinua mikononi mwake mpaka skrubu ikatazama dari. “Kanyaga, baba. Shikilia. Achia.” Mapovu yakatoka, kwanza makubwa, kisha madogo kama mbegu, kisha mafuta matupu. Pedeli ikawa ngumu chini ya kiatu changu. Kesho akasema kwamba kesho ataomba kazi idara ya maji. Dada yako akamwambia asijisumbue, kesho yake haijawahi kufika.

Wakati tunafunga bolti aliniuliza breki hizi zimetoka wapi. Nikamwambia kweli, pamoja na habari ya shati na vitambaa. Alikaza bolti mbili nzima kabla ya kusema, “Kumbe ndizo alizokuwa anazitafuta muda wote ule. Nami nikimcheka kwamba anapoteza Jumamosi zake kwa wauza vyuma.” Kwa hiyo, mwanangu, lile sanduku unalolibeba moyoni kama ushahidi dhidi yako, yeye amelisoma kwa namna nyingine kabisa. Hakuona breki ambazo hukufunga. Aliona Jumamosi zako.

Jana alimpandisha Panzi mlimani. Sikumkataza, ingawa nilitaka. Kesho alikuwa amemjaribu kwanza uwanjani na kwenye mteremko mfupi, akaishusha pedeli kidogo kwa sababu breki mpya ilikuwa kali na iliyafunga ghafla magurudumu ya nyuma ikiguswa tu. Tukasimama chini, mimi na yeye, tukisikiliza injini ikipanda mpaka ikapotea, kisha ikirudi.

Alipofika pale pale alipoangukia, akasimama. Injini ikazimika. Nilidhani hofu imemshika, nikaanza kupanda kwa goti hili, na Kesho akanishika mkono. Dada yako alikuwa ameketi juu ya Panzi katikati ya mteremko, mikono yote miwili ameinyanyua hewani, mguu mmoja tu kwenye pedeli. Panzi hakusogea. Akakaa hivyo kitambo, na tukamsikia anapiga kelele, ila maneno hatukuyapata. Kisha akawasha, akateremka taratibu.

Nilimuuliza alikuwa akisema nini kule juu. Akajibu, “Nilikuwa namgombeza kaka. Nimemwambia yote, ya kutopokea simu na ya kutaka kumuuza Panzi bila kuniuliza. Limebaki moja tu.” Nikamuuliza lipi. Akasema hilo si langu mimi.

Jumatatu atamwomba mkubwa wake amrudishe mlimani. Hilo ndilo lililonifanya niandike leo bila kungoja zaidi. Panzi bado ni wako. Sikatai agizo lako kwa mara ya pili. Ila nakuomba, kwa heshima yote ninayoweza kumpa mtoto wa dada yangu, ukiwa bado unataka auzwe, umwambie dada yako wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Miguu yangu ni mizito, ujumbe huo siwezi kuubeba. Jioni yeye huwa nyumbani, na simu huiweka mezani karibu na sahani yake.

Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama unavaa sweta alilokufumia. Kesho naye anakusalimu. Anasema vyuma vya zamani vya Panzi amevisafisha na kuvihifadhi, ukivihitaji. Dada yako hakunipa salamu za kukuletea, na sababu unaijua: lile moja lililobaki anataka akwambie mwenyewe.

Mungu akulinde katika kazi na katika usingizi, akuondolee mzigo usiokuwa wako, na ule ulio wako akusaidie kuubeba. Nisamehe kwa urefu wa barua na kwa mwandiko unaopanda mlima kila mwisho wa mstari.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kama nilivyokupenda ungali unatambaa.