Lamis wa Bima

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimerudi kutoka dukani nikakuta viatu vya kike mlangoni. Vimepangwa vizuri, visigino vimeelekea ukutani. Viatu vya mtu anayejua kuingia nyumba za watu.

Ndani Mama anacheka. Mamangu! Huyu ambaye mimi nikimletea la kuchekesha huniuliza kama nimefunga mfereji.

Mgeni anaitwa Lamis. Msichana wa miaka ishirini na kitu, buibui limepigwa pasi, sauti ya chini. Ati anatoka kwenye bima ya afya, anawasajili wazee majumbani wasiteseke foleni. Mama akamuuliza lile swali ambalo wazee wote wa mtaa wetu wa Kuze huuliza kabla salamu hazijapoa: wewe wa nyumba ya nani? Akajibu wa hapa hapa. Mama akamsogelea uso – ndivyo anavyotazama watu siku hizi, tangu aingiwe na mtoto wa jicho – akasema uso huu ni wa kina Sheikhan, waliohamia Malindi. Lamis akasema ndio hao. Basi! Yaliyobaki Mama kajisimulia mwenyewe. Nani alimuoa nani, nani alizaliwa chumba gani. Mgeni kazi yake kuitikia.

Nikamuuliza kitambulisho cha kazi. Mama akanikemea: "Sumeiya! Mwana wa watu hata maji hajanwa!"

Maji hajanywa, lakini sahani ya visheti ilikuwa tupu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Amekuja tena, mimi nikiwa dukani Makadara napima watu vitambaa. Nimemkuta kwenye mkeka, pale ninapokaa mimi, anamtungia Mama uzi.

Mama hushona kofia za viua, vile vitundu vinavyodariziwa kwa uzi; siku hizi hushona kwa kupapasa. Kabla macho hayajaingia ukungu mkono wake ulijulikana mji mzima. Watu walikuwa wakiagiza kutoka Lamu, tena Lamu kwenyewe kunakoshonwa kofia! Mimi hajanifunza hata kiua kimoja. Una mkono mzito, husema, wewe kata vitambaa. Na leo kwa masikio yangu namsikia anamwambia yule: "Mkono wako mwepesi, mwanangu."

Mwanangu.

Nikaenda jikoni nikachagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Halafu wakati wa kula ndipo ananiambia, kama mtu anayesema paka kapita: Lamis kamwekesha kidole gumba kwenye kimashine cha kusoma alama za vidole, nambari ikaingia kwenye simu, Lamis akaisoma kwa vile Mama haoni. Kwa nini hamkuningoja? Akaniambia, kukungoja nini, wewe waja magharibi, wala ukija hukai.

Nimeosha vyombo kwa kelele.

Jumatatu, 13 Oktoba

Joy amekuja dukani kutafuta leso ya mamake aliye Kaloleni. Joy ni karani katika hospitali ya macho, ndiye aliyetupatia tarehe ya Mama kupasuliwa: Jumanne ya wiki ijayo, jicho la kulia kwanza. Mama anahesabu. Anasema akifunguliwa bandeji kitu cha kwanza atakachotazama ni tundu ya sindano. Si uso wangu. Tundu ya sindano.

Nikamwambia Joy habari za Lamis, nikamalizia na yale ya mkeka na uzi, ambayo hakuniuliza. Joy akaacha leso. Akasema bima haimtumi mtu kupita milango ya watu akikusanya vidole. Akasema siku hizi wako wanaokuja na visheti na maneno matamu, wakipata kidole cha mzee na ile nambari inayoingia kwenye simu, basi mzee anaandikwa kwamba ametibiwa mahali asipopajua. Vidonge hajaona, kitanda hajalala, na bima yake imeliwa. Akaniomba nizungumze na kina mama kwenye kisomo chetu cha Kurani cha Alhamisi. Wewe ni wao, watakusikiliza, akasema.

Niseme kweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu? Nilifurahi. Sikufurahi kwamba nitawaokoa wazee. Nilifurahi kwamba yule msichana huenda ni mwizi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Aibu!

Kisomo kilikuwa kwa Bi Mejumaa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Dua ilipokwisha nikasimama. Nilikuwa nimejipanga vizuri: bima haiji mlangoni. Usitoe kidole kwa mtu usiyemjua. Nambari ikiingia kwenye simu ni yako peke yako, ukiitoa umetoa ufunguo wa nyumba. Ujumbe ukija kwamba umetibiwa na hukutibiwa, sema siku hiyo hiyo. Walikuwa wakinisikiliza! Bi Mejumaa alikuwa ameshaacha kahawa.

Kisha nikajiharibia. Macho yangu yakamwangukia Lamis, ameketi kando ya Mama – ndiyo, Mama alikuja naye, kamtambulisha kwa kila mtu kwamba ni mjukuu wa kina Sheikhan – anamkunjia ncha ya leso. Nikasikia mdomo wangu unasema: na hao watoto wa watu wanaojitia kupenda mama za wenzao, wanaokaa kwenye mikeka isiyo yao...

Wote wakajua. Lamis akainamisha kichwa, masikini ya Mungu, nusura mimi mwenyewe nimhurumie. Mama akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mwanangu huyu ana wivu tangu mdogo. Msameheni." Wakacheka. Kahawa ikamiminwa. Maneno ya vidole na nambari yakaenda na vikombe.

Kufika mlangoni Bi Mejumaa anamuuliza Lamis yeye atamsajili lini. Wiki ijayo, bibi yangu, anajibu.

Wivu ninao. Sasa nao ukiwepo, nisiseme la kweli?

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimefunga duka mapema makusudi. Yupo, bila shaka. Amekwisha kushona viua vitatu vyake mwenyewe kwenye kofia ya Mama. Vimenyooka. Ningependa vingekuwa vimepinda.

Nikakaa, nikamimina chai, nikawa mtamu kama halwa. Nikamuuliza: basi Bi Nunu, yule mwenye mguu mmoja mfupi aliyekuwa akiuza ubani pale kona, alikuwa nani wako?

Hapajapata kuwa na Bi Nunu. Nimemzua palepale, na mguu wake na ubani wake.

Lamis akashusha pumzi. "Nyanya yangu mdogo, Mungu amrehemu. Alinipenda sana."

Nikamtazama Mama. Mama anashona. Uso hauna habari. Lamis alipoondoka nikamrukia: umesikia? Hakuna Bi Nunu! Kamzika mtu ambaye hakuzaliwa! Mama akasema niondoe vikombe.

Ati niondoe vikombe.

Jumanne, 21 Oktoba

Hatukupasuliwa.

Tumetoka asubuhi kwa tuk-tuk, Mama amevaa leso mpya, amejitia udi kama anayekwenda harusini. Joy akaingiza jina kwenye kompyuta. Akaingiza tena. Kisha akaniita pembeni, na mimi nilikwisha kujua kwa uso wake. Kule kwenye bima Mama ameshapasuliwa. Macho yote mawili! Katika zahanati ambayo hata Joy hajapata kuisikia. Jicho halipasuliwi mara mbili kwa ugonjwa mmoja, kwa hivyo bima haitoi ruhusa. Madaktari waliokuwapo wamemtazama, ukungu wanauona kwa macho yao, lakini bila ruhusa mikono yao imefungwa. Joy amepeleka malalamiko. Akasema yatakwenda haraka iwapo atajulikana aliyechukua kidole. Jina la kweli, na kimashine chenyewe.

Na ile ya kunichoma: ujumbe ulikuwa kwenye simu ya Mama tangu Jumatano ya wiki iliyopita, "umehudumiwa, asante". Simu huwa juu ya kabati. Nimeipita asubuhi na jioni, mimi mwenye macho.

Mama alikaa kwenye benchi akiuliza kama ameshaitwa.

Nilimweleza njiani. Hakulia. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili mpaka Kuze.

Sasa nimeshinda, si ndiyo? Nilisema, na imekuwa. Mbona sioni raha?

Jumatano, 22 Oktoba

Mama ameniita baada ya adhuhuri. Leo sikwenda dukani. Akasema kaa. Nikakaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni.

Akasema siku ya kidole hakujua kwamba Lamis si wa kina Sheikhan. Alijua baadaye, siku ya pili baada ya kisomo, alipompigia simu mke wa Sheikhan huko Malindi kumpa salamu za mjukuu wake. Hawana mjukuu wa kike. Hata mmoja.

Kwa hivyo Jumamosi ulikuwa wajua! Na Bi Nunu wangu!

"Bi Nunu wako hata sikumhitaji," akasema. "Kuze hii nimezawa mimi. Nani alouza ubani kona ile nisimjue?"

Basi kwa nini, Mama? Kwa nini ulimwacha aendelee kuingia? Akasema mawili. La kwanza, yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa wenzake na kumpa ukoo, ukoo mzima, kwa mdomo wake, na uso angeuweka wapi. La pili alilisema akiwa amegeuka upande.

"Yule hukaa, Sumeiya. Akija, hukaa."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nipo nyumba hii maisha yangu yote. Lakini kuwapo si kukaa, na yeye alisema kukaa.

Halafu akapangusa uso kwa leso, akawa Mama tena. Kesho kisomo kiwe hapa kwetu. Lamis ameahidi kuja kuchukua kidole cha Bi Mejumaa na vya wengine. Mwambie huyo Joy wako aje na watu wake wa bima. Na wewe usiseme neno, akaniambia, ukisema wewe watasema wivu. Nitasema mimi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Naandika jikoni, juu ya gunia la mchele. Kahawa iko motoni. Pazia liko wazi kidogo.

Wamejaa ukumbini. Lamis amekuja na visheti na kimashine ndani ya mkoba. Mama kampigapigia mkeka, njoo mwanangu, na yeye kaketi. Bi Mejumaa ameshashika kitambulisho chake mkononi! Joy amepiga simu: wamekwama Makadara, lori limeziba njia, wanakuja kwa miguu. Msimwache aondoke.

Mama ameanza. Sauti tulivu kabisa. Anasema, wenzangu, huyu niliwaletea mimi, na ukoo wake niliwapa mimi, ila leo nataka autaje mwenyewe. "Haya mwanangu. Mamako nani?"

Lamis ametaja jina.

"Na mamake mamako?"

Ametaja, polepole.

"Alizikwa wapi?"

Vikombe vimetua. Bi Mejumaa amerudisha kitambulisho chake kifuani. Haya ndiyo niliyoyataka, nimeyaota! Lamis anasema kiu, ngoja aende akanywe maji. Mama anasema maji yataletwa. Lamis anasema basi atarudi kesho, ana mzee mwingine Makadara. Anataka kuinuka. Hainuki.

Mama amemshika mkono. Amemshika kwa mikono yake yote miwili, na kidole gumba kile kile alichokiweka kwenye kimashine kinampapasa juu ya kiganja, taratibu, anavyopapasa kofia kutafuta kiua kilipoachia. Msichana analia sasa. Mama anamwambia jambo sikioni, mimi silisikii.

Hodi inapigwa mlangoni. Ni sauti ya Joy. Wote wananitazama mimi nikafungue, na mimi nimesimama penye pazia, daftari mkononi, kikombe cha maji bado kando yangu, namtazama Mama. Hamwachi. Sijui amemshika asikimbie, au amemshika akae.