Selotepu Nyekundu Juu ya Sanduku la Baba

Kwako mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia mara mbili, moja ya leo na moja ya wiki iliyopita uliyoikosa kwa sababu simu aliishika kaka mpaka salio likaisha. Natumaini mgongo umetulia, na kwamba dada na kichanga chake wanakuacha upate usingizi. Mwambie huyo mpwa wangu apunguze kulia, ajue ana mjomba mwenye mikono ya dhahabu. Akifika umri wa kukaa nitamtengenezea kiti cha sponji ambacho hata waziri hajawahi kukikalia. Mimi ni mzima. Pale karakana sasa navalisha kochi la watu watatu peke yangu kwa siku mbili. Msimamizi wetu anachukua siku nne, lakini yeye ana cheo na mimi nina kipaji.

Najua utashangaa kuona barua, tena yangu mimi niliyeacha shule kabla shule haijaniacha. Usiucheke mwandiko. Huko mkipokea simu mnaiweka sauti ya juu, dada anasikia, mume wake anasikia, na jirani akiwa karibu naye anachangia. Jambo hili halitaki masikio mengi. Vaa miwani usome mwenyewe, polepole. Unarudi Jumamosi, na kabla hujakanyaga mlango wa nyumba hii ni lazima ujue kwamba sanduku la nguo za baba halipo tena.

Nina hasira, mama. Nina hasira mpaka msumari nikiupiga mara moja unazama mzima. Nimejaribu kuandika barua hii kwa upole mara tatu, na mara tatu nimeichana. Kwa hiyo ipokee ilivyo.

Nyumba uliyoiacha hutaikuta. Sebuleni kumebaki kochi moja, meza fupi kama kigoda, na ua moja kwenye chungu ambalo shemeji, mke wa kaka, analisemesha asubuhi. Ukikohoa, ukuta unakujibu. Kabati la vyombo limeondoka na vyombo vyake. Sasa tuna sahani nne, vikombe vinne na vijiko vinne. Nilimuuliza shemeji mtu wa tano akija itakuwaje, akasema wageni watoe taarifa mapema. Nikamwambia basi na njaa yao itoe taarifa mapema. Aliniambia nina mdomo mrefu kuliko elimu yangu. Hapo alinipata, sikatai.

Yote haya kayaleta mwanao mkubwa. Kule ofisini kwao kwenye bima walifanyiwa semina ya kupanga meza, akarudi amebadilika kama mtu aliyetoka kuokolewa. Baada ya hapo akaanza kumfuatilia kwenye simu bwana mmoja mwenye upara ambaye anajisifu kuwa anamiliki begi moja, mashati mawili na kijiko kimoja, na watu maelfu wanamwita mwalimu. Nilimwambia kaka kwamba pale karakana tuna mpaka rangi mmoja ambaye naye ana mashati mawili na kijiko kimoja, miaka nenda rudi, na sijasikia mtu akimwita mwalimu. Kaka akasema mpaka rangi wetu hakuchagua. Nikasema ndiyo maana yeye ni halisi, na huyo mwenye upara anaigiza. Akanikazia macho yale ya kiofisi, akaniambia vitu vingi ni mzigo wa akili. Nikamwambia akili yake yeye haijawahi kubeba mzigo wowote, labda ndiyo maana inachoka upesi.

Wiki iliyofuata akatukusanya sebuleni, mimi na mke wake, tukakaa kama watu wa baraza. Alikuwa na bunda la selotepu nyekundu. Sheria yake ilikuwa hivi: kila droo, kila sanduku, kila mlango wa kabati, kila boksi, ungewekwa kipande cha selotepu. Anayetaka kutumia kitu ataikata. Siku thelathini zikiisha, kitu ambacho selotepu yake ni nzima kinaondoka, hakuna rufaa. Nikamuuliza na chumba cha mama je, akasema umeshakubali. Baadaye ndiyo nikagundua alichokuambia kwenye simu ni kwamba tunafanya usafi kidogo, nawe ukasema fanyeni wanangu. Hiyo ndiyo ridhaa yako, mama. Hata wale matapeli wa viwanja huwa wanakuonyesha karatasi kwanza.

Basi nikaanzisha vita vyangu. Asubuhi kaka akiwa bafuni ananyoa ndevu, mimi niko chumbani kwako na kisu cha kukatia vitambaa. Nilianza na cherehani yako, nikaenda kwenye boksi la picha, sufuria zako kubwa, droo ya vitambaa, mpaka lile kopo la vifungo ambalo sijui unavitunzia shati la nani. Asubuhi tatu zilinitosha. Kaka alipopita kukagua akafikiri mke wake anashona. Mke wake akafikiri kaka anaangalia picha za utoto. Kila mmoja akamwonea mwenzake huruma kimyakimya, nyumba ikawa na amani ya ajabu.

Tena sikuishia hapo. Lile bunda la selotepu alilisahau mezani, nami nikabandika kipande kimoja nyuma ya fremu ya cheti chake, kile cha chuo kinachoning'inia ukutani tangu ulipofanya ile karamu. Siku ya thelathini ilipofika nikakishusha, nikaenda kukiweka juu ya rundo la vitu vya kutoka. Kaka akaja mbio akisema cheti ni jambo jingine. Nikamwambia sheria yake haikutaja jambo jingine, ilitaja selotepu, na hiki hapa kipande chake kizima, bikira kabisa, mwezi mzima hakuna mtu aliyegusa elimu humu ndani. Shemeji alicheka mpaka akakalia mfuko wa viatu. Cheti kikarudi ukutani, lakini tangu siku hiyo kimekaa upande.

Mnunuzi wa vitu chakavu alikuja na pikapu na vijana wawili wa kubeba. Walibeba kabati, viti sita, magodoro mawili ya wageni, redio isiyokohoa wala kuimba, mabegi, ndoo zenye nyufa. Na sanduku la baba. Lile la bati la bluu, lenye kufuli lisilofungika, pamoja na koti lake la kijivu, suruali zake za pasi na mashati yote.

Siku tano baadaye nilikuwa naenda kazini, nikaliona lile koti linatembea mbele yangu. Nililijua kwa kiwiko cha kushoto, ambacho nilikitia kiraka mimi mwenyewe kwa kipande cha kitambaa cha kochi. Alikuwa amelivaa mtu anayeuza mabeseni ya plastiki, amebeba mabeseni kichwani, anatembea kwa madaha kama ana ofisi mahali. Nikamfuata mitaa mitatu. Nilitaka kumvua pale pale. Alipogeuka akaniuliza nataka beseni la ukubwa gani. Nikanunua beseni.

Kazini siku hiyo niliharibu kiti cha mteja, na jioni nikamvamia kaka mlangoni kabla hajavua tai. Nilimpiga, mama. Nilimpasua mdomo. Nilimwita muuza makaburi, nikamwita mtoto asiye na baba, nikasahau kwamba baba tunachangia. Shemeji akatutenganisha kwa mti wa ufagio, akaniuliza kama nimerogwa. Unajua kaka ni mkubwa kuliko mimi, angetaka angenikunja kama shuka. Hakunigusa. Alijifuta damu na tai yake, akasema tu kwamba ukirudi atakueleza mwenyewe, kwa sababu wazo lilikuwa lake.

Hapa ndipo ninapokuomba utulie usome vizuri.

Chumbani kwako kulikuwa na vipande ishirini vya selotepu. Mimi nilikata kumi na tisa. Kile cha ishirini sikukisahau. Kila asubuhi nilisimama mbele ya sanduku la baba na kisu mkononi, na kila asubuhi nikakiacha. Na siku ile ya pikapu, kaka ndiye aliyesita. Aliweka mkono juu ya mfuniko, akanivuta pembeni, akaniambia labda hili tulisubiri mama arudi. Alikuwa ameshaingiza ukucha chini ya selotepu, bado kidogo tu aivute. Mimi ndiye niliyemwambia sheria ni sheria, kwamba akianza huruma kwenye sanduku moja itabidi arudishe na magodoro. Na wale vijana walipochelewa, upande mmoja wa sanduku niliubeba mimi, kwa mikono hii ninayojisifia.

Utauliza kwa nini. Tangu baba afariki, mama, sijavaa nguo yangu. Kila mwisho wa mwezi ulifungua lile sanduku, ukatoa shati, ukapunguza mikono, ukapunguza kiuno, ukanisimamisha katikati ya chumba, pini mdomoni mwako, ukasema nimetoka yeye mtupu. Nilivaa kwa kukupenda. Pale karakana wananiita Marehemu. Nikifika kazini msimamizi anatangaza Marehemu amefufuka, nikichelewa wanasema Marehemu anapumzika, na mteja akiuliza kochi lake liko wapi anaambiwa linashonwa na Marehemu. Sikukuambia. Niliwachekea, nikawajibu kwamba angalau mimi nimekufa mtanashati kuliko wao walio hai. Unanijua, sikosi jibu.

Lakini kuna siku moja jibu nililotoa halikuwa langu. Ilikuwa mchana, kabla hujaenda kwa dada. Niliingia jikoni nimevaa lile koti, mara ya mwisho kabla sijalirudisha sandukuni, wewe ulikuwa unakatakata vitunguu umenipa mgongo, ukaninusa labda, maana hukugeuka. Ukaniuliza kama nimekunywa dawa ya kifua. Sauti yako ilikuwa ile ambayo hujawahi kunipa mimi, wala kaka, wala dada. Ulikuwa unazungumza na mumeo. Nikajibu nimekunywa. Ukasema vizuri, ukaendelea kukata. Mama, mimi sijawahi kuugua kifua hata siku moja katika maisha yangu.

Kwa hiyo hasira hizi zote nilizomwagia kaka, nusu yake ni zako, na nusu ya hiyo nusu ni zangu mwenyewe. Nakukasirikia kwa kunipima kila mwezi na kunikuta mwingine. Najikasirikia kwa kukuibia nguo za mumeo huku umesafiri, badala ya kukaa mbele yako na kusema sitaki. Ningesema ungenielewa au usingenielewa, lakini lingekuwa limesemwa. Na baada ya kulitoa nje lile sanduku nilidhani nitapumua. Nimepumua siku tano, halafu nikaona koti lake barabarani likiuza mabeseni, na nikalia nyuma ya ghala la mbao kama mtoto. Ukimwambia dada hili nitakana.

Sikuombi uwe hujakasirika. Kasirika, una haki, tena nakuomba ukasirike na mimi niliyeko hapa, mwenye jina ulilonipa wewe. Yule mwenye mabeseni nimemtafuta tena, namjua kituo chake. Ukitaka koti nitakwenda kulinunua, na utalitundika unapopenda, lakini mgongoni mwangu halitarudi. Hilo nimelikata.

Kaka atakuja kukupokea Jumamosi. Mdomo wake bado haujapona, na amejiandaa kukuambia kwamba sanduku alilitoa yeye. Nimemsikia akijifunza maneno hayo bafuni. Atayasema vizuri, kwa adabu zake zote za ofisini, na wewe utamwamini kwa sababu ni yeye aliyeleta selotepu. Tafadhali usimwache amalize. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake.

Msalimie dada na umbusu huyo mwanawe pande zote mbili. Mwambie mume wa dada asiguse barua hii, najua tabia yake. Kaka na shemeji wanakusalimu, japo hawajui kwamba nimeandika. Sufuria zako zipo zote, cherehani ipo, vifungo vipo. Safiri salama, na ule chakula cha kutosha kabla ya kuondoka, maana hapa sahani ni nne na bado tunabishana.

Ni mimi mwanao wa mwisho, mzima wa kifua.