Mama, Nilimfungia Barasa Lango

Mama Nabwire,

Leo ni Jumapili mchana, nimekaa kwenye kibaraza cha karakana yako hapa Malaba. Malori yamepanga foleni vilevile. Ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Wengine huwaandikia wapendwa wao maneno matamu, lakini mimi nimekuja na wivu, Mama, na jambo baya nililofanya kwa sababu ya wivu huo. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Wivu wenyewe unaujua. Ni wa Barasa. Miaka tisa nimekubebea begi la vifaa, mimi mwanafunzi wako wa ufundi, Busia, Tororo, Busitema, kila mahali. Yeye akaja kutoka Busia ya upande wa Kenya na viatu vyake vyeupe, na ndani ya miezi miwili ukawa unamwita mwanangu. Mimi nilingoja miaka minne. Nilikuwa nahesabu. Akitoa kichekesho chake cha kipuuzi ulicheka mpaka ukashika meza, nami nakaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa tayari. Kwenye maziko yako ndiye aliyeitwa kusema kwa niaba ya wanafunzi wako. Nilikuwa nimeandika maneno, Mama. Yalikuwa kwenye mfuko wa shati, nikarudi nayo Tororo.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita kompyuta ya ghala la mahindi la Tororo ilikufa, ile uliyoifunga mwenyewe, mizani nane zinasoma kwenye mashine moja kupitia kadi yenye milango minane ya waya. Mzee Okello, msimamizi, akanipigia mimi. Mimi, si Barasa! Siku hiyo nilipiga mluzi njia nzima. Nikaichomoa kadi kwenye mashine ya zamani, nikaipachika kwenye mpya, nikaweka mfumo mpya wa Linux, nikawasha. Mfumo ukaiona kadi, na jina lake ukalitaja. Lakini mizani tatu tu ndizo zilizosoma. Tano kimya.

Nilikagua waya zote, nikalehemu upya ambazo hazikuwa na kosa. Kisha nikafanya kama tulivyofanya zamani: nikatoa ile CD iliyokuja na kadi, nikaanza kujenga draiva yake, programu ya kuiendesha. Ilinitapikia makosa ukurasa kwa ukurasa. Draiva ile iliandikwa kwa mfumo wa miaka ile, nami nailazimisha kwenye mfumo wa leo, kama kumvalisha mtu mzima sare yake ya darasa la kwanza. Siku mbili, Mama. Na ni msimu wa mavuno. Watu wa kwetu Sop Sop wameleta magunia, wote wamebanana kwenye mizani tatu. Mama mmoja jirani ya dada yangu akanifuata mpaka ofisini. "Owori, mashine nakataa? Sisi nalala hapa?"

Siku hiyo ya pili Mzee Okello akasema, "Si tumwite yule kijana mwingine wa Mama?"

Nikajibu bila kumeza mate. Nikasema Barasa ndiye aliyeiharibu. Kwamba mwezi uliopita alikuja akaizima vibaya, kadi ikaungua nusu. Uongo mtupu! Barasa alikuja kupangusa vumbi tu, na alipangusa vizuri. Mzee akakasirika, akamwambia askari wa langoni, "Huyo Barasa hapana ingia hapa tena." Nami nikahisi raha. Kwako siwezi kuficha. Nilihisi raha.

Kesho yake Barasa alisikia nimekwama, akapanda bodaboda bila kuitwa na mtu. Akazuiwa. Akanipigia simu akiwa pale nje. "Boss, mbona huyu askari amenikatalia? Nimemkosea nini?" Nikamwambia ni sheria mpya ya ghala. Akakubali, basi. Akaniuliza niko sawa huko ndani. Dirishani nilimwona amekaa juu ya jiwe, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Sijui ni nini kilinishika. Nikasema, "Tano hazisomi. Nifanyeje?"

Hakucheka. Akasema niachane na ile CD, draiva ya kadi imo ndani ya mfumo siku nyingi. Shida ni kwamba mfumo umezoea kuhesabu milango minne tu, mmoja wa mashine na mitatu ya kadi, kisha unaacha. Lazima uambiwe uendelee kuhesabu. Akanisomea taratibu nikaandika kwenye faili la kuwashia mashine: nane mbili tano sifuri, nukta, nr, mstari wa chini, uarts, sawa na kumi na sita. Mstari mmoja! Nikawasha upya. Mizani zote nane zikasoma.

Nikamuuliza nani kamfundisha. "Mama alinipea hiyo akiwa kitandani. Alinisemesha mara tatu, mikono nyuma, bila kuandika. Akaniambia, Owori akikuuliza mwambie. Asipouliza, nyamaza."

Nilikata simu.

Ulinijua vizuri mno, na hilo limenichoma kuliko kila kitu. Miaka tisa sikukuuliza hata swali moja. Nilitazama vidole vyako nikajifanya nimeelewa, nikidhani mwanafunzi mzuri ni yule asiyesumbua. Barasa aliuliza kila kitu, hata upuuzi, nawe ulikuwa unamjibu. Lakini Mama, ungeweza kunivuta sikio. Ungeweza kuniambia mimi. Nimekukasirikia kwa hilo, na bado.

Ghalani wapakiaji walinipigia makofi. Mzee Okello akanishika bega: "Kweli, wewe ndiye Mama alikuacha mahali pake." Miaka yote nilitaka neno hilo. Nikalipokea, na Barasa bado yuko kwenye jiwe.

Wenye maghala wanaongea. Ijumaa ghala la hapa Malaba nalo limemwambia asirudi, na hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Jana alikuja hapa, akasimama mlangoni pa karakana, akaniomba mimi nimwombee kwa Mzee Okello. Mimi! Anasema nina neno pale. Nilimpikia chai, nikamwambia arudi Jumatatu asubuhi twende pamoja. Sikuweza kumtazama.

Kwa hiyo ninakuahidi, Mama. Kesho saa mbili asubuhi, kabla hatujatoka hapa, nitamwambia Barasa nilichomfanyia. Kisha nitaenda naye Tororo, na mbele ya Mzee, askari na wapakiaji wote nitasema nilidanganya, na mstari ule ni wake. Kumpenda sikuahidi. Akianza kusimulia siku zako za mwisho natamani kumziba mdomo, kwa sababu yeye alikuwepo akikushikia kikombe, na mimi nilikuwa Sop Sop nafunga mizani ya mtu.

Huenda askari akaambiwa anitoe mimi. Sawa. Barasa awe ndani.

Pumzika, Mama yangu.

Owori