Karatasi ya Alama Tuliyoiacha Njia ya Koboko

Mpendwa mpwa wangu Kiden,

Barua hii inavushwa hadi Kongo na mchuuzi wa samaki, itiwe posta huko, maana za kwetu hufunguliwa na askari, kwa hiyo nimejiapiza kuandika machache. Najua unacheka: mjomba na machache!

Unaikumbuka asubuhi tuliyotoka Abuku? Baba yako alitia sahihi fomu ya chuo cha Amerika akiwa na udongo wa shamba mikononi. "Ulaya wamekufukuza?" alikuuliza. Ukamwambia umemaliza vizuri miaka miwili ya uchumi, ila Amerika wanafundisha uchumi wa wakulima kama yeye. Hakuridhika, lakini alitia sahihi. Katika bahasha mlikuwa na fomu hiyo na karatasi ya alama zako, moja tu, yenye mhuri mwekundu. Bila hiyo, chuo kipya kisingekuhesabia ile miaka miwili.

Njiani kurudi Arua, kwenye kizuizi cha barabara, askari aliifungua bahasha.

"Mzee, hii iko ya nini?"

Ulikuwa umeniomba tangu nyumbani: "Mjomba, wakiuliza, sema ni ya shule, basi." Nikasema ni ya shule. Ya kusoma nini? Uchumi.

"Uchumi iko kitu gani?"

Ulinifinya mkono. Lakini mwanangu, mimi ni mwalimu. Mtu akiniuliza swali siwezi kumwacha hivi hivi. Nikamweleza kwamba chumvi isipofika Arua, akina mama wa soko la Oli huipima kwa kijiko badala ya kikombe, na uchumi ni kutafuta kwa nini haifiki.

Uso wake ukabadilika. Wenzake wawili wakasogea.

"Sasa nani anazuia chumvi? Sema, mwalimu."

Kujibu "serikali" kungenipeleka jela. Ni wewe uliyejibu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Afande, hiyo mimi bado sijajua. Ndiyo maana narudi shule."

Mmoja alicheka. "Huyu iko mjanja kupita mzee yake!" Wakaturudishia fomu. Karatasi ya alama yule askari wa kwanza akaitia mfukoni. "Hii iko na mhuri ya watu ya nje. Inabaki."

Hukunilaumu hata kwa jicho. Ulipoomba nyingine Ulaya, majibu yalichelewa, na Amerika wakakuanzisha mwaka wa kwanza.

Hapa kwetu anayerudia darasa ni aliyeshindwa. Baba yako alitangaza sokoni Koboko kwamba ulishindwa Ulaya ukamdanganya, akaacha kujibu barua zako. Nami niliyeyaona yote nilinyamaza miaka mitatu. Nilijiambia kuna hatari, na kweli ilikuwepo. Lakini katika shamba la baba yako hakukuwa na askari.

Jana nilikwenda Abuku nikamwambia yote, pamoja na chumvi. Alisikiliza hadi mwisho, ameegemea jembe.

"Na wewe, shemeji, ulinyamaza kwa nini?"

Kiden, nilitafuta maelezo. Sikuwa nayo. Sina hata leo, na kwa hiyo nakuomba radhi bila kueleza chochote.

Kisha akanyoosha mkono, akaomba kalamu yangu na karatasi, hii hii. Geuza ukurasa huu. Mwandiko wa nyuma ni wake. Ameandika polepole, amefuta mara mbili. Mimi sijausoma.

Mjomba wako wa Mvara