Vipigo Vitatu Tu

Burgi, hasira bado haijaniisha.

Unamjua shemeji yangu Korbinian. Leo tumepanda mlima kwa skii, mimi, yeye na mume wangu Lorenz. Mtoto wetu Leni tumemwacha kwa bibi yake. Chini ya ule mteremko mkubwa nikatoa beleshi, nikachimba kama tulivyofundishwa darasa la jioni la maporomoko ya theluji. Nikachonga nguzo ya theluji, nikaanza kuigonga kwa vidole nione kama itashika.

Vipigo vitatu! VITATU, Burgi! Theluji imara huvumilia hata thelathini. Hii ya leo, kipande chote cha juu kikateleza kikaanguka.

Unajua Korbinian alisema nini? "Shemeji, unachimba kaburi au unapanda viazi? Watu wamepita jana, michirizi ya skii zao hiyo hapo!"

Eti michirizi ya jana!

Nikamwambia, "Pita peke yako. Leni habaki yatima kwa ubishi wako." Lorenz kimya. Kimyaa! Lakini akageuza skii, akanifuata. Korbinian akaja nyuma akinung'unika.

Hatujafika msituni tulikotoka, theluji ya mteremko ikakatika yenyewe, ikaporomoka. Michirizi yote ikafukiwa.

Sasa sikia. Mezani kwa mama mkwe, Korbinian anasimulia: "Nilihisi tu, nikawarudisha."

AKATURUDISHA!

Nikaenda kuchukua beleshi, nikaliweka katikati ya supu zao. "Haya shemeji, tuonyeshe ulipochimba."

Mama mkwe akaacha kijiko. Ndipo Lorenz, yule bubu wangu, akasema: "Mama, aliyechimba ni mke wangu." Halafu akanigeukia: "Jumamosi nifundishe kugonga."